Samaki Asiye na Sauti

Oliva wa Lipangalala hupika samaki kwa sikio. Ukimkuta kwenye meza yake pembeni mwa soko la Ifakara, karai limejaa perege, utamwona kaligeuzia karai mgongo, anapiga soga na wateja. Halafu katikati ya maneno anageuka na kumpindua samaki mmoja, yule yule aliyekuwa tayari. Alifundishwa na marehemu mama yake walipokuwa wakikaanga kwenye kivuko cha mto, kabla daraja halijajengwa. "Samaki mbichi hupiga kelele kwa sababu ana maji," mama alimwambia. "Maji yakimwisha, sauti hupungua, kama mvua inayohamia ng'ambo. Akianza kunong'ona, mtoe." Sasa Oliva ana miaka hamsini na tisa, na hajawahi kumuunguzia mtu samaki.

Ndiyo maana Jumatano ile asubuhi, alipojikuta kainama jikoni kwake, katega sikio kwenye sanduku jeusi la plastiki lililokuwa likivuma kama feni mbovu, alijiona mjinga mtu mzima.

Sanduku hilo, eafraya, lilitumwa na binti yake Febronia kutoka Dar es Salaam. Lilikuja kwa basi pamoja na deli la barafu lenye vipande vinne vinene vya jodari, samaki wa baharini mwenye nyama nyekundu kama ya ng'ombe. Linakaanga kwa upepo wa moto, Febronia alieleza kwenye simu, mafuta kijiko kimoja tu. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya baba yake Febronia.

Baba yake, mzee Apolinari, alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini, Mlimba kwenda, Mlimba kurudi. Mwaka jana presha ilimwangusha, mkono wa kushoto ukabaki mzito, na daktari akampiga marufuku chumvi nyingi na chochote kilichozama kwenye mafuta. Mume wa mkaanga samaki! Apolinari alitii kwa namna yake: aliacha kula. Akiletewa samaki wa kuchemsha alimsukuma kando kwa uma. "Huyu hajapikwa, mama Febu. Huyu kalazwa." Kliniki ya mwisho mizani ilisoma kilo hamsini na nane, na daktari hakumtazama mgonjwa, alimtazama Oliva. "Mama, presha imetulia, lakini mzee anakwisha. Ijumaa ijayo akiwa amepungua tena, njooni na shuka. Nitamlaza."

Apolinari aliogopa kulazwa kuliko alivyoogopa kufa. Na bado hakula.

Tena alikuwa na ujanja. Jumatatu ya wiki hiyo jirani yao Mabula, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, alifika kwenye meza ya Oliva akiwa na haya isiyo yake.

"Shikamoo mama. Nipe perege wawili."

"Marahaba. Nikufungie?"

"Nifungie. Ila, mama... wakaushe sana. Na mikia iungue kidogo."

Oliva alishusha upawa. Ifakara nzima alikuwapo mtu mmoja tu anayependa mkia wa samaki uungue, na alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na sita.

"Mabula mwanangu, mwambie aliyekutuma kwamba muuzaji amegoma."

"Kanitishia, mama," Mabula alisema, akicheka kwa aibu. "Kasema nisipoleta hatanisomea tena barua za mwanangu aliye jeshini kule Chita."

Kwa hiyo Jumatano, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mizani, Oliva alifunga meza yake, akavipaka vipande vyote vinne limao, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi ya kunusa tu, akaingiza cha kwanza. Febronia alikuwa amesema dakika nne, geuza, kisha tatu. Dakika saba? Samaki mnene namna ile? Hata dagaa hamalizi safari kwa dakika saba. Oliva alizungusha kitufe mpaka ishirini, kama ambavyo angempa kambale, akasubiri sauti ipungue.

Haikupungua. Mashine ilivuma ile ile mwanzo hadi mwisho, haikupiga kelele, haikunong'ona, halafu ikalia *ting* na kunyamaza ghafla kama mtu aliyenuna.

Apolinari, aliyekuwa ameketi mlangoni pa jiko kwenye kiti chake cha kamba, aliletewa kipande hicho juu ya wali. Alikichoma kwa uma. Uma uligoma. Akakigonga mara mbili kwa mpini wa kisu.

"Hodi humu ndani," alisema.

"Baba Febu, usinichezee leo."

"Sichezi. Nabisha hodi. Hakuna mtu."

Kipande cha pili Oliva aliamua kukipika kwa macho. Alifungua sanduku, akatazama, akafunga. Akafungua tena. Kila alipofungua, mashine ilikata moto, na kila alipofunga ilijifikiria kwanza kabla ya kuvuma. Juu samaki alikuwa amegeuka rangi, katikati bado mwekundu, na kwa watu wa mtoni samaki mwekundu ndani ni samaki wa kurudishwa motoni, hakuna mjadala. Akamrudisha. Akafungua. Akamrudisha.

Umeme ukakatika.

Oliva alisimama, mkono kiunoni. Nje mashine ya kukoboa mpunga nayo ilizimika, na majirani wakasikika wakiguna nyumba hadi nyumba. Umeme ulirudi baada ya saa nzima. Samaki alikuwa amekaa kwenye joto la gizani hadi kuwa kijivu kama kitambaa cha kudekia. Alimtupia paka wa Brigitha, jirani wa upande wa pili. Paka alimnusa, akakaa, akamtazama Oliva kwa huruma.

"Hata paka!" Oliva alipiga kofi mezani. "Nimekaanga tangu sijaota matiti, leo nashindwa na ndoo ya plastiki! Febronia angeniletea karai tu. Angeniletea mume mwenye akili!"

"Mara tisa," Apolinari alisema kutoka mlangoni.

"Mara tisa nini?"

"Umefungua mara tisa kwa dakika sita. Nimehesabu. Treni ikisimamishwa mara tisa kati ya Ifakara na Mlimba haifiki, mama Febu. Hata makaburini haifiki."

Hapo ndipo Oliva alipochoka kabisa. Miezi yote ya kuchemsha, kubembeleza, kuficha chupa ya mafuta, kumwona mtu aliyekuwa akibeba gunia la mpunga peke yake akikazwa suruali kwa kamba. Alivua aproni, akaitupa mapajani kwa mumewe.

"Kama unajua, si uje upike! Njoo! Ijumaa unakwenda kulazwa, mimi nitabeba hiyo shuka, nitakaa kwenye benchi nikulishe uji kwa kijiko mbele za watu. Ndicho unachotaka?"

Apolinari aliitazama aproni. Aliinuka taratibu, mkono wa kushoto ukining'inia, akaingia chumbani. Oliva alidhani amesusa. Lakini alirudi na saa yake ya kazini, ile ya mnyororo, aliyokuwa bado anaijaza ufunguo kila asubuhi ingawa hakuna treni iliyomngoja.

"Huyu hana sauti," alisema akiegemea meza. "Wewe huwezi kumsikia. Hapa sikio ni hili." Akaiweka saa mezani. "Weka viwili vilivyobaki. Na hakuna kufungua."

"Bado atakuwa mwekundu."

"Hakuna kufungua!"

Mashine ikavuma. Dakika moja. Mbili. Mkono wa Oliva ulisogea wenyewe kwenye mpini.

"Bado."

"Naangalia tu."

"Mama Febu, nitakuteremsha stesheni ya porini. Bado."

Ilipofika nne na nusu, nusu ya nyongeza kwa kuwa vipande vilikuwa viwili, mzee akainua mkono wa kulia juu, kama alivyokuwa akiinua bendera ya kijani, akaushusha. Oliva akageuza vipande. Nne na nusu tena. Oliva alihema, akaomba Mungu ampe subira au ampe upawa. Mkono ukashuka. "Toa."

Oliva alimega ukingo kwa kidole. Nyama iliachana kwa majani makubwa, haina wekundu, bado ina maji yake. Hakusema neno, maana kusema kungekuwa kumpa mzee sifa za mwezi mzima. Alipakua wali, akaweka kipande juu, akajifanya anaosha sufuria.

Nyuma yake hakusikia uma ukisukuma chochote kando. Alisikia sahani. Kisha akasikia kijiko kikikwangua.

"Hana kichwa huyu," Apolinari alilalamika, mdomo umejaa. "Baba mwenye nyumba anapewaje samaki asiye na kichwa? Na mkia je? Hakuna kilichoungua."

"Kula unyamaze."

"Nakula. Kile kingine ni cha nani?"

"Changu! Sijala tangu asubuhi kwa ajili yako."

Alikitazama. Oliva akakitazama. Akasonya, akakigawa kati, nusu kubwa ikaenda kwa mzee.

Jodari akawa amekwisha, na Ijumaa ilikuwa bado siku mbili. Apolinari alifuta mdomo kwa ile aproni, akaivuta saa karibu, akaanza kuijaza ufunguo ingawa alikwisha kuijaza asubuhi.

"Mama Febu."

"Nini tena?"

"Perege, huyu wa kwetu. Tumpe dakika ngapi?"

Oliva alikuwa amekwisha jifunga kanga ya pili, kikapu mkononi, anaelekea sokoni kuchagua perege mwenye kichwa na mkia.