Unga wa Bibi Waliomwagiwa Kuku

Harufu ya unga wa mtama uliotwangwa asubuhi hiyohiyo hunipandisha hasira mpaka leo, na msinicheke. Wenzangu huwapandisha njaa.

Nilikuwa darasa la pili, Lupaso, Bibi mzaa mama aliponichukua kwenda Mnyambe kwenye tambiko la ukoo. Alitwanga mwenyewe, akachekecha, akaufunga unga kwenye kitambaa cheupe, akavaa doti mpya. Njia nzima alikuwa anaimba. Pale makaburini, nyuma ya nyumba, kila mwanamke alitoa unga wake ukamwagwa kwa wahenga. Zamu ya Bibi ilipofika, Mzee Chilumba, mkubwa wa ukoo, aliupokea, akageuka, akawamwagia kuku.

"Mama yako aliletwa hapa mateka, Mama Zainabu," alisema. "Wahenga wetu hawali cha mtu wa kuja."

Kwetu ukoo hufuata mama. Ukikosa kwa mama, huna pa kusimama. Bibi alipiga goti akaomba radhi. Radhi ya nini, jamani? Njiani akanambia, "Angalau kuku wameshiba," nami nikacheka, mtoto mimi. Aliendelea kuomba radhi hivyo kila tulipokutana na watu wa Mnyambe, mpaka alipofariki.

Ukubwani nikaanza kumtafuta huyo mama yake. Sensa za zamani nilizoonyeshwa zilihesabu vichwa, si majina. Vitabu vya ndoa vya misheni moja Masasi nilivifunua mpaka nikakohoa vumbi, nikitafuta jina Sijaona, la utotoni mwa mama yake, alilowahi kuninong'oneza Bibi. Bure kabisa! Mwali akitoka unyagoni, jina la utoto huliacha hukohuko, na kumwita kwalo ni tusi. Nani angeolewa nalo? Nilichezwa unyago kwetu, nikasahau ya kwetu.

Nikabakiwa na mate yangu tu. Nikaenda Mnyambe kwa Mama Rehema, mtoto wa dada yake Mzee Chilumba, nikamwomba tupime vinasaba. Akakubali bila ubishi, hata nikashangaa. Majibu yalisema sisi wawili ni uzao wa mwanamke mmoja, kwa upande wa mama.

Nilimpelekea majibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo nayajua tangu zamani. Mama wa Bibi yako alikuwa wa hapahapa. Mwaka wa njaa wajomba zake walimbadilisha kwa chakula. Aliporudi na Bibi yako mgongoni, waliona haya. Wakamwita mateka."

"Na Mzee Chilumba alijua?"

"Yeye ndiye aliyenisimulia."

"Mbona hukusema, Bibi akiwa hai?"

"Ningemvuaje nguo mjomba wangu?"

Nikachukua karatasi zangu, nikaondoka. Ningefungua mdomo ningemtukana mtu mzima. Siku hizi wanatuita kwenye kila tambiko, eti damu nzito kuliko maji. Siendi ng'o!

Utotoni niliamini Bibi alikataliwa kwa sababu hawakumjua. Kumbe walimjua, tena vizuri sana, wakamwacha afe akiomba radhi kwa kosa lao.