Farasi Watatu Kwenye Chemchemi ya Mama

Kwenye kilima chetu, upande wa Kirolirwe, mimi ndiye mtu wa kwanza kuwa na diploma ya umeme na mitambo, na sijaona sababu ya kuificha. Niliilipia mwenyewe kule Lubumbashi, mchana nikisoma, jioni nikitengeneza pasi na redio za watu. Nilirudi nayo ndani ya fremu, nikaitundika ukutani kwa mama, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Mama alifuta vumbi kwenye kioo, akaniuliza kama karatasi hiyo inaweza kuteka maji.

Hakuwa akitania. Nyumba yake iko juu, chemchemi iko chini kabisa ya mteremko, na goti lake la kushoto lilikuwa limegoma. Dada yangu mkubwa, anayeishi Goma, alikuwa ametoa amri: Pasaka ikifika kabla maji hayajapanda kilimani, anakuja na gari kumchukua mama akaishi naye mjini. Mama hakutaka. Huku ana kaburi la baba, ng'ombe wawili na shamba la maharagwe. Kule angekuwa na kiti cha plastiki na televisheni ya wajukuu.

Nilimwambia atulie, mwanawe ni mtaalamu.

Tuliposhuka pamoja polepole kuitazama chemchemi, aliniambia jambo ambalo wanawake wote wa kilima wanalijua. Pale hakuna anayetazama saa. Mwanamke anaweka bidoni ya lita ishirini chini ya mwanzi unaotoa maji, kisha anaanza rozari.

"Fungu moja, bidoni moja," mama alisema. "Salamu Maria kumi, imejaa. Mu kiangazi, mafungu mbili."

"Asante, mama," nilisema, nikiwa na daftari mkononi. Sikuandika kitu. Chuoni hatukufundishwa kupima maji kwa rozari.

Nilikwenda Masisi kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye picha ya Moyo Mtakatifu juu ya kaunta na pampu zimepangwa chini yake kama waumini.

"Papa, unatafuta ya farasi ngapi?" aliniuliza, maana nguvu ya mota huhesabiwa kwa farasi.

"Ile kubwa kuliko zote."

"Iko ya farasi tatu. Hii njo wanatumia kule Walikale mu mashimo ya madini. Asubui shimo imejaa maji, saa sita iko kavu."

"Kavu kabisa?"

"Unaweza kuingia na viatu ya misa."

Mtu yeyote mwenye masikio angesikia alichoambiwa. Mimi nilisikia farasi watatu tu. Kwetu hakuna aliyewahi kuona farasi, tunafuga ng'ombe, na labda ndiyo maana tunamwamini mnyama huyo kupita kiasi.

Nyumbani watu walikusanyika. Jirani yetu, mzee mfugaji anayetengeneza jibini, aliizunguka pampu mara mbili.

"Farasi tatu," alisema. "Na wanakula nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza kwamba farasi mmoja ni wati mia saba na arobaini na kitu, hivyo watatu wanahitaji zaidi ya elfu mbili na mia mbili, na jenereta yangu inatoa elfu mbili na mia tano. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza misa ya Kilatini.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana, ila ilikuwa ya mota ambayo tayari inazunguka. Mota inapoanza hudai umeme mara tatu au zaidi ya ule inaokula baadaye. Jambo hilo nililijibu kwenye mtihani na kupata alama za juu, kisha, inaonekana, nikaliacha palepale kwenye karatasi ya mtihani. Nilichomeka pampu, jenereta ikakohoa, ikazimika. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ilitoa harufu.

"Iko inanuka nini," jirani aliuliza, "mashini ao diploma?"

Nilimwomba jenereta yake kubwa ya kupozea maziwa, naye akanipa kwa ukarimu wa mtu anayejua atapata cha kusimulia. Safari hii pampu ilinguruma. Maji yalipanda ndani ya bomba, yakafika kwenye shamba la maharagwe, chini ya nusu ya kilima, yakasimama kama yamekuta kizuizi cha barabarani. Kule chini, kabla ya Salamu Maria ya tano, kisima cha chemchemi, kile kinacholisha mwanzi, kilikuwa kimebaki na tope, chura mmoja na kikombe cha plastiki kilichopotea zamani. Wanawake walikuwa wamesimama na bidoni tupu.

"Walikale imefika kwetu," mmoja wao alisema.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika goti. Hakunigombeza.

"Nilikuambia fungu moja, bidoni moja," alisema. "Hii mashini yako inasali mbio sana."

Ndipo nilipofuta tope kwenye kibati cha pampu na kukisoma, jambo ambalo wasio na diploma hulifanya dukani. Lita mia nne kwa dakika. Kimo cha mwisho, mita ishirini. Kilima nilikipima siku hiyohiyo: mita arobaini na mbili. Fungu la mama nililipima kwa simu: dakika tatu na nusu, yaani chemchemi haifikishi lita sita kwa dakika. Nilikuwa nimenunua mnyama anayekunywa kwa dakika moja kile ambacho mlima unatoa kwa zaidi ya saa nzima.

Kuanzia hapo diploma ilifanya kazi, na naomba ieleweke kwamba ilifanya kazi vizuri. Kwanza unauliza maji ni kiasi gani, pili yanapanda wapi, tatu farasi, mwisho umeme. Wanaume wa huku huanza na farasi na kuishia hapo. Nilirudisha pampu dukani.

"Haikukausha?" mfanyabiashara aliuliza.

"Ilikausha."

"Sasa shida iko wapi, Papa?"

Alinibadilishia kwa pampu nyembamba ya farasi mmoja, ambayo ndani yake magurudumu madogo hupokezana maji kuyasukuma juu, kama watu wa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanavyopeana mawe ya barabara. Kwenye kimo chetu inatoa lita ishirini kwa dakika, na jenereta yangu iliiwasha mara ya kwanza. Kando ya chemchemi nilijenga tangi linalojaa taratibu kwa maji yanayobaki, ili pampu inywe humo na isiguse mwanzi wa wanawake.

Jumatano ya Wiki Takatifu dada alifika, ufunguo wa gari mkononi. Jirani alikuwa chini analinda jenereta. Mama aliweka bidoni chini ya mdomo wa bomba, uani kwake, akatoa rozari.

"Mama, tutachelewa," dada alisema.

"Ngoja."

Kwenye Salamu Maria ya tatu bidoni ilijaa. Mama hakukatiza. Alisali zote kumi huku maji yakimwagika hadi kwenye viatu vya mjini vya dada, ambaye mwishowe alitia ufunguo mfukoni na kwenda kuleta bidoni nyingine.

Gari lilirudi Goma na gunia la maharagwe kwenye kiti cha mama.