Bibi Matone na Kidonge cha Pili

Katika duka lile la vifaa vya ujenzi kuna wafanyakazi wanane, na saba kati yao hawana ruhusa ya kugusa vichupa vya rangi. Vichupa ni vya Bibi Matone. Utamkuta kaunta ya mwisho kabisa, ukishapita misumari na mabomba: mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na aproni ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya rangi gani siku iliponunuliwa. Mteja humletea kipande cha plasta, au kitambaa cha pazia, au hata kikombe kilichovunjika, akasema, "Bibi, nataka ukuta wangu ufanane na hiki." Naye hufungua kopo la rangi nyeupe, akatia tone la manjano, tone la kahawia, akakoroga kwa kijiti, akapaka kidogo kwenye kadi, kisha akakaa kusubiri.

Matone ndiyo yaliyompa jina. Kusubiri ndiko kunakowachosha watu.

"Rangi mbichi mwongo," huwaambia wenye haraka zao. "Ikikauka ndiyo inasema kweli. Ukiongeza tone kabla haijakauka umeharibu, maana tone likishaingia kwenye kopo hakuna fundi wa kulitoa." Mteja akizidi kunung'unika huonyeshwa mlango kwa kidole chenye bluu kwenye kucha. Ana ulimi bibi huyu, sitaficha. Lakini wote hurudi kwake, kwa sababu ukuta wa Bibi Matone ukikauka unakuwa ule ule uliouomba.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa halali usiku. Kwa miaka thelathini na moja alilala ubavuni mwa mume anayekoroma kama mashine ya kusaga nafaka, na miaka yote hiyo hakuacha kulalamika. Alimpiga kiwiko, alimgeuza upande, alimtishia kumhamishia sebuleni. Mume alipofariki nyumba ikanyamaza, na usingizi ukaondoka na yule yule aliyekuwa akiuharibu. Mambo ya dunia hayo. Akipanda kitandani saa nne, alisikia bomba la jirani, alisikia friji, alisikia moyo wake mwenyewe mpaka kunakucha. Miaka miwili akaenda hivyo bila kumwambia mtu. Aliona haya, mtu mzima kulilia mkoromo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Yeye aliumbuliwa na kopo la lita nne. Siku moja mchana alisinzia pale kaunta, paji la uso juu ya kifuniko chenye rangi mbichi, akaamka na duara la kijani kama mhuri wa posta. Aliwahudumia wateja watatu akiwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Jioni binti yake alimwona, akacheka mpaka akaketi chini, halafu akaacha kucheka. Kesho yake alimpeleka zahanati.

Binti huyo ndiye mtoto wake pekee. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, na wakati huo alikuwa kwenye likizo ya uzazi iliyobakiza miezi miwili. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa. Huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, kisha huyo, kaenda. Kwa hiyo walikwisha kupatana: binti akirudi kazini, mtoto atalala kwa bibi yake siku tatu kila wiki. Bibi Matone alikuwa akimwita mjukuu huyo "mume wangu", na alishamwandalia godoro dogo kando ya kitanda chake. Tangu nyumba inyamaze, hakuna kitu alichokitaka kuliko kupumua kwa mtu mwingine chumbani mle.

Binti alibaki nje na mtoto, Bibi akaingia peke yake. Daktari alikuwa mama mpole wa sauti, mgumu wa sheria. Alimuuliza maswali mpaka Bibi akaanza kujibu kama mtuhumiwa. Chai vikombe vingapi? Vitano, cha mwisho saa mbili usiku. Pombe? Hapana. Dawa nyingine? Hapo akababaika, akakiri kwamba mara nyingine hunywa dawa ya mafua ya maji, ingawa hana mafua, kwa kuwa inalewesha kidogo. "Hiyo iache leo," daktari akasema. "Ukiichanganya na hii nitakayokupa, unaweza kulala hata ukasahau kupumua."

Kisha akamwandikia vidonge vya usingizi, vya kipimo kidogo kuliko vyote, vya wiki mbili tu. Kimoja kwa usiku. Unakimeza ukiwa umeshapiga mswaki, umeshazima taa ya jikoni, uko kitandani, na mbele yako una saa nane za kulala. Hukimezi umetoka kula ukashiba. Na usiku mmoja hauna kidonge cha pili, hata cha kwanza kikionekana kimekugomea.

"Na jambo moja, Mama," akasema daktari. "Usiku uliomeza, wewe si mlinzi wa mtu. Mtoto mchanga habaki na wewe peke yenu."

Bibi Matone akaitikia kwa kichwa. Hakutaja godoro dogo. Miezi miwili ni mingi, alijiambia, mpaka hapo nitakuwa nimepona.

Kwenye duka la dawa alikutana na mfamasia, kijana mwenye tai na kalamu nene, aliyeandika juu ya pakiti: KIMOJA, KITANDANI. Kisha akamtaka arudie maelezo yote kwa mdomo wake.

"Mjukuu wangu, nimeanza kupima matone kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo, Bibi. Rudia tu."

Akarudia, amekunja uso.

Na dawa ikafanya kazi. Usiku wa kwanza aliamka jua liko dirishani, akabaki amelala chali akitabasamu peke yake. Siku nane mfululizo alikwenda kazini akiimba. Mtunza stoo, ambaye naye ana mke mgonjwa na mawazo mengi, akamwomba amgawie viwili tu, ajaribu. "Hata miwani yangu sikuazimi," Bibi akamjibu, "seuze dawa iliyopimwa kwa mwili wangu. Nenda ukapimwe na wewe." Alisema vizuri sana. Laiti angejisikiliza.

Siku ya tisa duka zima liliandaa chakula cha kumuaga karani aliyekuwa akistaafu. Bibi alikula, akaongezwa, akala tena. Alirudi nyumbani tumbo limejaa ndi, akameza kidonge chake, akajilaza. Nusu saa, kimya. Bomba la jirani akalisikia, friji akaisikia. Akaingiwa na hofu kwamba miaka miwili ile inarudi, na kwa hofu hiyo akanyoosha mkono, akameza cha pili.

Aliamka saa mbili na nusu, jua limeshapanda, saa ya mezani imelia mpaka imechoka. Kichwa kilikuwa kimejaa pamba. Akavaa aproni ndani nje, akafika dukani amechelewa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na mtu wa kwanza kumkuta pale ni Fundi Ngazi, mpaka rangi mrefu asiyehitaji ngazi, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alitaka manjano ya maziwa kwa ukuta wa chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Bibi akatia matone, akakoroga, akaona bado, akatia mengine, akafunika kopo, akampa.

Saa tisa alasiri Fundi Ngazi alirudi na kadi mkononi, amejipaka manjano mpaka masikioni.

"Bibi, daktari wa meno anasema wagonjwa wake wana maumivu ya kutosha. Hawahitaji na ukuta wa haradali."

Watu wakacheka. Bibi akaishika kadi, akaitazama.

"Hii hukuisubiri ikauke," fundi akasema taratibu, bila mzaha sasa. "Wewe, Bibi?"

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyewafukuza watu dukani kwa kuharakisha tone alikuwa amejiongezea tone mwenyewe, usiku, gizani, juu ya lile ambalo halijakauka. Angeweza kusingizia vichupa, na watu wangemwamini. Alisema, "Kosa ni langu. Rudisha kopo, nakutengenezea jingine sasa hivi, na hilo nitalisubiri likauke." Fundi akaketi juu ya ndoo, wakasubiri pamoja.

Lakini ukuta haukuwa jambo lenyewe. Alipotoa simu mfukoni kutazama saa, ndipo alipoona. Binti yake alikuwa amempigia mara kumi na moja, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mtoto alikuwa amepandwa na homa kidogo. Alitaka tu kuuliza ampe nini. Simu ililia juu ya mto, hatua mbili kutoka lilipo godoro dogo, na Bibi hakusikia hata mlio mmoja.

Jioni akaenda kwa binti. Homa ilikuwa imeshashuka. Akamweleza yote, chakula, kidonge cha kwanza, kidonge cha pili. Binti alimsikiliza akimbembeleza mtoto.

"Mama, mimi nimepiga mara kumi na moja," akasema. "Huyu hana simu. Ana kilio tu."

"Najua, mwanangu."

"Hatalala kwako mpaka umalizane na dawa hizi. Nitatafuta mtu mwingine."

Bibi Matone alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuipata. Alikwenda jikoni kwa binti, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Alirudi kwa daktari kabla ya siku yake. Daktari hakumgombeza. "Dawa haikugoma," alimweleza. "Ilikuwa imekwama nyuma ya chakula, inakuja polepole. Ukaituma ya pili iifuate, zikaingia pamoja."

"Basi niache leo leo."

"Hapana, Mama. Huwezi kujiamulia hivyo. Tutashuka ngazi pamoja." Akamwongezea vidonge vichache, akamwonyesha mstari katikati ya kidonge: hiki kina ruhusa ya kugawanywa, vingine havina. Nusu kwa wiki moja, kisha nusu usiku mmoja ndiyo, usiku mmoja hapana, kisha basi. Kuamka ni saa kumi na mbili kila siku, uwe umelala au hukulala, iwe sikukuu au kazi. Chai mwisho saa nane mchana. Na usingizi ukikataa, toka kitandani, kaa kitini, fanya kitu kisicho na raha, mpaka wenyewe ukuite.

Usiku wa nusu ulikuwa mgumu, na usiku wa hapana ulikuwa mgumu zaidi. Alitoka kitandani akakaa kitini, akazipanga kadi za rangi kutoka nyeupe kuelekea kijivu, kadi mia mbili na zaidi. Kazi hiyo ingemlaza hata farasi. Mara nyingi alifika kwenye kadi ya themanini. Baadaye thelathini. Ikaja wiki ambayo hakuzigusa. Hakunyoosha mkono tena kwenye pakiti, ingawa zipo nyakati, mwenyewe anakiri, mkono uliomba.

Vidonge vilivyobaki hakuviweka kwenye droo eti huenda vikafaa siku moja. Alivipeleka kwa mfamasia vikaharibiwe, kwani nyumba inayongoja mtoto haiweki vitu vile. Kijana akavihesabu, akasema vimetimia, akamuuliza analala sasa?

"Nalala kama watu," Bibi akajibu. "Kuna siku nzuri na siku mbaya."

Binti naye hakuamini maneno matupu. Ni mtoto wa mama yake. Likizo ilipokwisha alimlipa jirani amwangalie mtoto, na usiku wake wa mapumziko akawa anapiga simu kwa mama yake saa kumi alfajiri bila taarifa. Mara ya kwanza Bibi alipokea baada ya milio minne, akatukana. Mara ya pili mitatu. Hakuulizwa sababu, naye hakuuliza. Wiki ya sita baada ya kidonge cha mwisho, Ijumaa jioni, binti alibisha hodi amevaa sare ya kiwanda, mtoto mgongoni, mfuko wa nepi mkononi.

"Mume wako huyu," akasema, akamkabidhi, akaondoka haraka asije akabadili nia.

Asubuhi saa kumi na mbili na robo alirudi, ananukia mikate, macho mekundu kwa zamu na kwa wasiwasi. Hakuketi usiku kucha, hata wakati wa mapumziko. Mlango haukufungwa kwa komeo. Mama yake alikuwa jikoni, mtoto begani, nywele zimesimama, na shavuni alama ndefu ya mkunjo wa mto.

"Amekusumbua?"

"Sana. Ameniamsha mara mbili."

Binti akaweka mkoba chini.

"Amekuamsha?"

"Nilikuwa nimelala fofofo, mwanangu. Akalia, nikaamka. Nikampa maziwa, tukalala tena. Akalia, nikaamka." Alisema hivyo kama mtu anayelalamika, lakini uso ulishindwa kumsaidia. "Nenda kajilaze kule chumbani, umechoka. Huyu niachie."

Binti akavua viatu, akaingia, akajilaza upande wa mama yake. Shuka zilikuwa bado zina joto.