Jiwe la Daktari Penhallick

Juvénal alijifunza kuchonga mawe kwa baba yake kule Bukavu, na kabla vita havijamfukuza alikuwa ameandika majina ya marehemu kwenye misalaba mingi ya mji ule. Alipofika Durban na mkewe Grâce, hakuna aliyemuuliza habari za ufundi huo. Aliosha magari, akabeba magunia, hadi kamati ya kanisa moja ilipotafuta watu wa kusafisha makaburi ya zamani ya mjini. Hapo akawahi mbio.

Ndani ya ukuta ule walilala wakubwa wa enzi zao: manahodha, wachungaji, matajiri wa kwanza wa bandari, wengi wao waliofariki katikati ya karne ya kumi na tisa. Kaburi lililoheshimiwa kuliko yote lilikuwa la Daktari Ambrose Penhallick, aliyekufa mwaka 1857 kwa homa aliyoambukizwa na wagonjwa wake. Mwaka Juvénal alipoanza kazi, 1998, kamati ilikuwa inaandaa ibada kubwa ya kumkumbuka.

Mwenzake Juvénal kazini alikuwa Protas, Mtanzania wa Bukoba, mtu mpole asiyependa haraka. Waligawana mistari, na kaburi la daktari likaangukia mstari wa Protas. Mwenyekiti wa kamati aliwaonya: maji na brashi tu, basi.

Alasiri moja Protas alishuka bombani kuchota maji. Juvénal alikuwa amemaliza upande wake na alitaka waondoke mapema, maana Grâce alikuwa na mimba kubwa na alimwacha anaumwa mgongo. Akalitazama jiwe la daktari, jeusi kwa ukungu. Ng'ambo ya ukuta mafundi ujenzi walikuwa wameacha dumu la asidi ya kusafishia matofali. Baba yake alimfundisha tangu utotoni kwamba marumaru na asidi havikutani. Alilijua hilo vizuri. Ila alijiambia, kidogo tu.

Jiwe likachemka. Povu jeupe likateremka juu ya maandishi, likitoa harufu kali ya kukwaruza koo. Alipolimwagia maji yaliyobaki kwenye ndoo, jiwe lilikuwa jeupe kweli, lakini herufi za juu zilikuwa zimekwisha kama pipi iliyomung'unywa, na mstari mdogo wa chini kabisa haukuwepo tena. Akarudisha dumu lilipokuwa. Protas alipopanda na ndoo zake, Juvénal alikuwa kwenye mstari wake mwenyewe, ameinama, anasugua kaburi ambalo lilikuwa safi tayari.

Kesho yake mwenyekiti alikuja, uso umemvimba kwa hasira.

"Mstari huu ulikuwa wa nani?"

"Wangu," alisema Protas.

"Umelifanya nini jiwe hili?"

Protas aligeuka akamtazama Juvénal. Juvénal akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

"Sijui, mzee," Protas akajibu. "Mimi nilitumia maji."

Akafukuzwa palepale. Alichukua koti lake, akapita nyuma ya Juvénal, na lango likalia nyuma yake.

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda Juvénal. Grâce aliona.

"Juvé, uko na nini?"

"Kazi tu. Iko ngumu."

"Kazi ilikuwa ngumu hata mwezi jana, na ulikuwa unakula."

Juvénal akaisukuma sahani pembeni. Kisha jambo likaja ambalo hakulitarajia kabisa. Mwenyekiti alisikia kwamba Mkongo huyu ni mchonga mawe, akamwomba alichonge upya jiwe la daktari kabla ya ibada. Picha ya zamani ya jiwe hilo ilikuwepo, lakini chini yake imefifia, sehemu ya juu tu ndiyo ilisomeka. Juvénal alikubali kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Kwa mara ya kwanza katika Durban alishika tindo na nyundo yake, mikono ikakumbuka kila kitu, na watu wa kamati wakaja mmoja mmoja kumsifu. Kila sifa ilimchoma. Kazi aliyoililia miaka yote, ameipata kwa kuharibu, tena kwa jasho la mwenzake.

Siku moja alikuja mama mzee kutoka Morningside, Bi Constance, kitukuu wa daktari. Alisimama akizisoma herufi mpya kwa kidole, akafika chini, kidole kikasita.

"Hapa palikuwa na mtoto," alisema.

"Mtoto gani, Madame?"

"Binti wa mfua nguo. Babu yetu aliugua akimtibu, wakafa wiki moja. Aliomba wazikwe pamoja, na jina lake likaandikwa hapa. Nimelisoma kila mwaka tangu nikiwa msichana. Sikuwahi kuliandika popote. Nilidhani jiwe halisahau." Akafumba macho, akajaribu. "Lilianza na H. Au N. Mungu wangu, limenitoka."

"Kwenye vitabu halimo?"

"Vitabuni yumo yeye tu. Ana barabara, ana wodi yenye jina lake. Mtoto alikuwa na mstari huu."

Juvénal aliweka tindo chini. Jina la daktari alikuwa amelirudisha kwa siku tatu za kazi. Mtoto hakuwa na picha wala kitabu, na aliyemfuta ni yeye Juvénal, kwa haraka ya kuwahi nyumbani.

Kwenye ibada Bi Constance alisimama mbele ya watu ili amshukuru fundi. Juvénal hakumngoja amalize.

"Madame, usinishukuru. Njo mimi, ni mimi nilimwaga asidi. Protas hakufanya kitu. Niliona anafukuzwa, nikanyamaza."

Mwenyekiti alimwambia aondoke saa hiyohiyo, na aliondoka. Wiki ileile Bi Constance alimtafuta, akamkuta nje ya jengo alimoishi na Grâce. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwambia tu aende akachonge chini ya jina la daktari: na mtoto aliyezikwa naye. Juvénal alichonga maneno hayo, na nafasi ya jina akaiacha laini.

Baadaye alimpata Protas South Beach, analinda magari mbele ya maghorofa, na fulana ya njano mwilini.

"Kaka, nimewaambia ukweli."

"Nimesikia. Wamenipigia simu nirudi. Nimekataa."

"Ulijua kama njo mimi?"

"Nilijua siku ileile. Shati lako lilinuka asidi."

"Sasa mbona hukusema?"

Protas alimwelekeza dereva mmoja arudi nyuma taratibu, hadi gari likatulia mahali pake. Kisha akageuka.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Nilikungoja nikiwa nachukua koti. Nilikungoja mpaka langoni."

Upepo wa baharini ulikuwa unapeperusha mchanga barabarani. Gari jingine likaingia, Protas akainua mkono kulielekeza, na Juvénal akaondoka polepole kuelekea nyumbani kwa Grâce, na yeye bado hakuwa amemwambia mkewe lolote.