Jina la Shangazi Katika Gazeti la Serikali

Mama yake alipofariki, Bi Time binti Abdulwakil alibaki peke yake katika fleti ya Kilburn, ughaibuni. Alikuwa na miaka sitini na mbili, amestaafu kazi ya kutunza wazee, hana mume wala mtoto. Siku nyingine jua lilizama hajasema neno na mtu.

Pemba aliondoka na miaka minne, mwezi ule wa Mapinduzi. Baba yake, karani wa serikali, alichukuliwa asirudi. Kila Time alipouliza habari za jamaa wa baba, mama alimjibu, "Yaliyopita si ndwele," akaingia jikoni.

Sasa hakuwa na wa kumuuliza. Msikitini akasikia kwamba maktaba ya chuo kikuu kimoja huhifadhi magazeti ya zamani ya serikali ya Zanzibar. Akapanda basi, akaomba kadi ya msomaji.

Mkutubi, Anastasia, mzaliwa wa Moshi, alimpokea kwa Kiswahili. "Shikamoo mama. Tuanze na matangazo ya mirathi. Humo hutajwa marehemu na warithi wake."

"Marahaba. Lakini babu namjua jina tu, Matar; sijui hata alikufa lini."

"Basi tuanze mwaka hamsini, twende polepole."

Alikwenda kila Jumanne, baridi yote. Jumanne ya tisa akakuta tangazo la mwaka hamsini na saba: marehemu Matar bin Hamad, wa Chokocho, Pemba. Warithi: mwanawe Abdulwakil, karani, na bintiye Mwanabaraka.

Time alisoma mara tatu, kidole juu ya mstari. "Kumbe nina shangazi!" Msomaji wa meza ya pili akainua macho, akayarudisha kitabuni.

Anastasia alimtafutia namba ya sheha, kiongozi wa serikali pale Chokocho. Time akapiga, akajieleza; sheha naye akampelekea simu mwanamke wa jirani.

"Mie Mwanamwema, mtoto wa Mwanabaraka. Mama tulimzika mwaka juzi. Akisema kila siku, kaka yangu kaacha mtoto wa kike, sijui yu wapi."

Bi Time alivuta kiti, akaketi.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Unakaa na nani huko?"

"Peke yangu."

"Basi njoo."

Alikwenda mwezi wa Juni. Akaonyeshwa kaburi la shangazi, akaketi wiki tatu na watu waliomwita mtoto wa Abdulwakil. Aliporudi, fleti ilimwelemea kwa ukimya kuliko zamani. Akaanza kuuliza bei ya kusafirisha mizigo hadi Pemba.