Mlamula na Ua la Rweya

Kitendawili, msomaji: ndugu wawili wanachanua, mmoja ukimkata anazaa, mwingine ukimhamisha anakufa. Ukishindwa, nenda Ijumbi, Muleba, ukamuulize Theopista Kokwijuka.

Saa kumi na mbili asubuhi Theopista ameshainama rweyani, kwenye uwanda wa nyasi nje ya migomba. Anakata nyasi za kutandika nyumbani. Zikiuzwa Bukoba, anarudi na chumvi na sabuni.

Yule anayezaa ni mti wa mlamula. Kila Mhaya anaujua: kijiti chake ukikichomeka kinaota, na ndicho mpaka baina ya kibanja na kibanja, yaani shamba la migomba la mtu na la jirani yake. Umejaa kila mahali.

Anayekufa ni ua la zambarau la rweya, jamii ya okidi. Halipandwi. Kiazi chake Theopista alikuwa akiwapondea wenye watoto wa uchango, maumivu ya tumbo, kama mama yake alivyofanya. “Nimelihamishia kwenye migomba mara nyingi,” ananiambia mimi mwandishi. “Linaoza tu.”

Mwaka 1974 kijiji kilipotangaza shamba la ujamaa hapo rweyani, maua yalikuwa yamebaki bondeni tu. Theopista akamwomba mwenyekiti, Mzee Buberwa, trekta lipite pembeni. Mzee alicheka, akakubali, akamwambia aweke alama dereva aione.

Akaweka alama anayoijua. Akazungushia mlamula.

Siku ya kulima watu walitangulia mbele ya trekta. Hawakuona ua, waliona mpaka. Jirani yake, Mwijage, akasema, “Ndugu zangu, Theopista amejikatia kibanja. Kumbe ubepari nao huvaa kanga.”

Watu wakacheka. Buberwa alikuwepo. Alitazama chini, hakusema kwamba alama aliitaka yeye. Wakaanza kulima hapo hapo.

Mahindi hayakustawi, udongo wa rweya ni maskini. Mlamula uling'olewa ukatupwa kando, na huko ulikotupwa umeota.

Watoto wa uchango bado wanaletwa. Theopista huwapa mama zao pole tu. Mwezi uliopita alikuja Mwijage mwenyewe na mjukuu wake. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama hakuna hata ua moja lililosalia. Theopista aliendelea kufunga mzigo wake. Mtoto akapelekwa zahanati.

Leo, akiwa amekwisha kujitwika nyasi, ndipo ananijibu mimi swali lile la Mwijage.

“Yapo, machache. Sichimbi hata moja mpaka yamwage mbegu. Safari hii sijachomeka kijiti. Na wewe mama mwandishi, nisamehe, sikupeleki yalipo.”