Siku Bi Mashavu Alipocheka Skuli

Bi Mashavu wa Mkunazini, mjane mshona kofia, hakumwonea mtu kijicho kwa nyumba wala kwa dhahabu. Wivu wake ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Mwalimu Tabia.

Mwalimu huyo alimfundisha binti wa pekee wa Bi Mashavu, Wanu, na tangu uingie mwaka wa sabini na moja jina lake halikuisha nyumbani. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kacheka vile. Hata ushungi Wanu aliufunga kama mwalimu.

Bi Mashavu hakugomba. Alikuwa na njia yake. Wanu akirudi jioni na kuvua kanga, mama humsubiri aende kuoga, akaichukua ile kanga, akaipeleka puani. Kwake hufukizwa udi mtupu. Kwa Mwalimu Tabia, kule mtaa wa Malindi, udi hutiwa mawaridi. Siku akinusa mawaridi, wali hupakuliwa kwa kishindo, na Wanu haambiwi kosa lake.

Sasa mwalimu kapangiwa kwenda kufungua madarasa kijijini Paje, naye anataka afuatane na Wanu, akasomeshe watoto wadogo. Wakubwa wa skuli wamekubali. Limebaki neno la mama, na mama kalikalia. "Ntafikiri," ndiyo jawabu yake kila akiulizwa. Mwalimu anaondoka Jumamosi. Alhamisi, siku mbili kabla, skuli ikaonyesha mchezo, siku ya wanawake peke yao, na Wanu alikuwa mmoja wa wachezaji.

Jirani, Bi Kazija, ndiye aliyemkokota Bi Mashavu. "Hebu twende ukacheke, bibi wee. Meno yako nshayasahau."

Mwalimu Tabia alisimama mbele akaeleza kuwa mchezo ni wa Kifaransa, wa zamani za wafalme wao. Wameufasiri yeye na wanafunzi, na mengine wanafunzi wameyatia wenyewe ili yafanane na ya kwetu. "Chekeni, mama zangu. Waliotunga michezo hii walitaka watu wacheke kwanza, fikra zije nyuma."

"Haya, kaanza kutusomesha na sisi," Bi Mashavu akanong'ona.

Pazia likafunguliwa. Akatoka mzee mwenye ndevu za pamba, kanzu anaiburura chini, anamchunga mkewe kijana kama mtu anayechunga vifaranga na mwewe yuko juu. Mlango ukilia, huruka. Mke akikohoa, humuuliza kukohoa kule kafunzwa na nani. Watu wakavunjika mbavu. Bi Mashavu, ambaye alikuja na nia ya kutompa mwalimu hata tabasamu, alicheka mpaka akamshika Kazija bega.

"Mwanamme mpumbavu huyu! Si amwache mwenzake apumue!"

Mara mke akaingia ndani, akaacha kanga kitini. Mzee akachungulia huku, akachungulia kule. Akaiokota kwa vidole viwili, akafumba macho, akatokeza midomo mbele, akanusa. Akanusa na pindo.

"Mawaridi!" akapiga ukelele. "Kwangu mimi hapana mawaridi!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, na Bi Mashavu alikuwa katikati yake alipoitambua ile sauti. Mwenye ndevu alikuwa Wanu. Na ile midomo iliyotokezwa mbele ilikuwa yake yeye, Mashavu; kumbe mtoto alikuwa akimwona.

Akatazama kuume na kushoto. Hakuna aliyemtazama, wote wanamcheka mzee.

"Kha!" alisema Kazija, anafuta machozi. "Mtu mzima ananusa kanga! Si amuulize tu mkewe?"

"Akimuuliza ataambiwa kweli," Bi Mashavu akajibu taratibu. "Ndiyo anayoiogopa."

Kwanza alipandwa na hasira: bila shaka mwalimu ndiye aliyemtia mtoto maneno. Lakini kule mbele mzee alikuwa akiwakaripia watumishi, anatafuta uongo ambao mkewe hakuusema, na Bi Mashavu akajikuta anafikiri. Wanu naye hajapata kumficha. Kila jioni husema mwenyewe, nlikuwa kwa mwalimu. Kwa hiyo yeye alikuwa akinusa nini?

Mchezo ulipokwisha Wanu alimjia, ndevu mkononi, uso umemshuka. "Mama, umekasirika?"

"Kile cha kunusa kakufunza mwalimu wako?"

"Mwalimu hajui, mama. Anadhani nimebuni."

"Hukumwambia?"

"Mambo ya nyumbani kwetu nimwambie ya nini?"

Bi Mashavu alisikia raha ikimpanda kifuani, akaona haya kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Kumbe kulikuwa na kitu ambacho yule mwanamke hakupewa.

Mwalimu Tabia akafika, anahema kwa furaha. "Shikamoo, Bi Mashavu. Umemwonaje mzee wetu?"

"Marahaba. Nimemwona. Mpumbavu: mke alikuwa akirudi kila siku, na yeye hakuliona hilo." Akazichukua ndevu mkononi mwa Wanu. "Jumamosi mnaondoka saa ngapi?"

Wanu akamshika mama mkono.

"Utakwenda naye," mama akamwambia mwalimu, macho makavu. "Lakini Idi ni yangu. Zote mbili."

Mwalimu alicheka, akidhani ni mzaha. Bi Mashavu hakucheka.